Mume Mgeni na Dhamana ya Mwanamke

Tuseme ndani ya wiki moja zimefungwa ndoa mbili Tibirinzi, Chake Chake. Katika ya kwanza, kijana wa mtaani amemuoa binti wa Kingazija aliyetoka Moroni. Katika ya pili, dada yake kijana huyo ameolewa na Mngazija. Sheikh ni yule yule, khutuba ya nikahi ni ile ile, mashahidi wawili wamekaa, mahari yametajwa, walii ameozesha na mume amekubali. Mbele ya kadhi ndoa hizi hazina tofauti hata chembe. Tofauti inaanza siku karatasi za ndoa zinapopelekwa Uhamiaji. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia, Na. 6 ya mwaka 1995, kinampa mke mgeni wa raia haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mume mgeni wa raia hakutajwa popote katika kifungu hicho. Yeye hupitia mlango wa wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, aonyeshe alichochangia katika uchumi, sayansi au utamaduni wa taifa, kisha angoje uamuzi wa Waziri, ambaye halazimiki kutaja sababu akikataa. Miaka yote hiyo anaishi kwa kibali. Vibali navyo, chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka huo huo, vimepangwa kwa madaraja: A kwa mwekezaji, B kwa mwajiriwa, C kwa wengineo. Hakuna daraja ambalo msingi wake ni kuwa mume wa mtu. Ada hulipwa kwa dola, tarehe ya mwisho imegongwa muhuri ndani ya pasipoti, na kila tarehe hiyo inapokaribia nyumba nzima inaanza upya kuulizana itakuwaje.

Wengi Pemba hulichukulia jambo hili kuwa la serikali tu, na kwa upande mmoja wamesema kweli. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano tangu Mapatano ya mwaka 1964, yamo katika yale 11 ya mwanzo, na Baraza la Wawakilishi haliwezi kuyabadili hata kwa nukta. Ndiyo maana ndoa ya mwanamke wa Tibirinzi inasimamiwa na Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar, huku kukaa kwa mumewe kukiamuliwa kwa sheria ya Bunge la Muungano. Lakini ukikaa barazani ukauliza kwa nini mume na mke wasiwe sawa katika jambo hili, hoja utakayoletewa si ya serikali. Utaletewa ya dini. Utaambiwa mwanamume ndiye msimamizi wa nyumba, mke humfuata mumewe, na nasaba hushika njia ya baba. Kwa hiyo aliyeolewa na mgeni naye amekuwa wa ugenini, na akitaka mume wa kukaa naye kwao basi angeolewa na mtu wa kwao. Maneno haya husemwa kwa utulivu, na watu wema, kana kwamba kifungu cha 11 kimechotwa katika vitabu vya fiqhi. Nami nadai kwamba hakikuchotwa huko, na kwamba tukirudi kwenye vitabu hivyo hivyo tutakuta kinyume chake: mwanamke anapompokea mtu na kumpa himaya, dhamana yake inaifunga jamii nzima sawasawa na dhamana ya mwanamume.

Tuanze na pale kilikotoka kifungu chenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1914 ilihesabu mke kuwa kivuli cha mumewe: mwanamke wa nje akiolewa na Mwingereza alikuwa Mwingereza, na Mwingereza wa kike akiolewa na mgeni aliupoteza uraia wake. Mwaka 1948 Waingereza walilegeza. Mwanamke akabaki na uraia wake mwenyewe, na mke mgeni akapewa haki ya kuandikishwa kwa maombi. Mume mgeni hakupewa kitu. Kanuni hiyo ya 1948 ndiyo iliyonakiliwa katika sheria za uraia za karibu makoloni yote ya Kiingereza yalipopata uhuru. Tanganyika iliipokea mwaka 1961, Kenya ikaipokea, Mauritius ikaipokea, na Zanzibar ikaingia chini yake kwa njia ya Muungano. Waingereza wenyewe waliiacha kwa sheria ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983, ambayo iliweka mume na mke katika sharti moja. Sisi tulikaa mwaka 1995 kuandika sheria mpya na tukaiandika tena, wao wakiwa wameshaitupa kwa miaka kumi na mbili. Anayeitetea kwa jina la Uislamu anatetea, bila ya kujua, fikra ya wanasheria wa London wa zama za wafalme.

Sasa twende Madina, mwaka wa sita wa Hijra. Abul-As bin Rabii, mtu wa Makka, alikuwa amemuoa Zainabu, binti wa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, kabla ya utume. Zainabu alisilimu, mumewe hakusilimu, na hijra ikawatenganisha. Wasimulizi wa sira wanaeleza kwamba msafara wa biashara aliokuwa akiuongoza kutoka Sham ulikamatwa na Waislamu, naye akaponyoka usiku, akaingia Madina, mji uliokuwa vitani na mji wake, akaenda kuomba himaya kwa Zainabu. Alfajiri, watu walipokuwa katika sala, Zainabu alipaza sauti kutoka upande wa wanawake akatangaza kwamba amempa Abul-As himaya. Mtume alipomaliza sala aliwauliza watu kama wamesikia alichosikia yeye, akaapa kwamba hakujua lolote kabla ya hapo, kisha akathibitisha kwamba himaya ya Zainabu ni himaya ya Waislamu wote. Alimwambia bintiye amkirimu mgeni wake, ila asimkaribie, kwani kwa wakati ule hakuwa halali kwake. Mali ya msafara ikarudishwa. Abul-As akarejea Makka, akamkabidhi kila mtu chake, akasilimu, akarudi Madina, na Zainabu akarudishwa kwake.

Kisa hiki hakikusimama peke yake. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa nane, Umm Hani binti Abi Talib aliwapa himaya jamaa wa upande wa mumewe. Ndugu yake, Ali, alitaka kuwaua. Umm Hani hakumwachia kaka yake aamue. Alikwenda mwenyewe kwa Mtume, akashitaki, na Mtume akasema kwa maana kwamba aliyepewa himaya na Umm Hani amepewa himaya na wao. Bukhari na Muslim wote wamelipokea. Na kanuni ya jumla iliyofungamana na visa hivi ni kwamba dhamana ya Waislamu ni moja, aliye mdogo wao kabisa anaweza kuitoa, na anayeivunja amebeba mzigo mzito. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayosomeshwa katika vyuo vyetu vya Pwani, yameikubali himaya inayotolewa na mwanamke. Mwanamke katika jambo hili hahitaji walii. Anamhitaji walii ili kuozeshwa, lakini kumlinda mgeni kwa neno lake hakuhitaji idhini ya baba wala kaka, kama Ali alivyofahamishwa siku ile.

Mwenye elimu atanipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema himaya ya fiqhi ni ya muda, na Mashafi wengi wameiwekea mpaka wa miezi minne. Kwamba iliwekwa kwa ajili ya mtu wa upande wa adui. Na kwamba kati ya hiyo na uraia wa dola ya leo kuna masafa marefu. Kweli. Sidai kwamba Zainabu alimpa Abul-As uraia wa Madina, kwa sababu uraia wa pasipoti haukuwapo. Ninalolichukua katika visa hivi ni jambo moja tu, nalo halibadiliki kwa muda wala kwa aina ya mgeni: ilipokuja suala la nani aingie katika hifadhi ya jamii kwa neno la mmoja wa watu wake, sheria haikutazama kama mtoa neno ni mwanamume au mwanamke. Mpaka wa miezi minne unamhusu anayepewa himaya na mwanamume vile vile. Dola ina haki ya kuweka masharti yake, iwe miezi au miaka, na haina haki ya kuweka sharti moja kwa neno la kaka na jengine kwa neno la dada. Ikiwa mwanamke aliweza kumwingiza Madina mtu wa kabila lililokuwa likipigana na Madina, kwa ajabu gani mwanamke wa Pemba asiweze kumkaribisha Pemba fundi, mvuvi au mwalimu wa Kingazija ambaye ni mumewe halali na hana vita na mtu?

Tena tukitafuta katika Qurani mume mgeni anayeishi katika nchi ya mkewe, hatutafuti sana. Nabii Musa ndiye huyo. Katika Suratul Qasas anaingia Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa, nyuma yake kuna mashitaka ya kuua. Anawanyweshea maji wanyama wa mabinti wawili, kisha anakwenda kukaa kivulini na kumuomba Mola wake. Mzee wa nyumba anapoisikia habari yake, jambo la kwanza analompa ni usalama, kwa kumtoa hofu kwamba ameokoka na watu madhalimu. Na aliyetoa ushahidi wa tabia yake ni binti, aliyempendekezea baba yake amuajiri mtu huyu kwa sababu ana nguvu na ni mwaminifu. Ndipo yakaja makubaliano: binti mmoja kwa miaka minane ya kazi, na akitimiza kumi ni hisani yake. Ibn Abbas amepokewa akisema Musa alitimiza muda mrefu zaidi. Kuna anayeweza kusema: basi na sheria yetu si inataka miaka mingi kama hiyo? Inataka, lakini itazameni ile ya Madyan. Musa aliitumikia miaka hiyo akiwa na ruhusa ya kukaa na kazi mkononi tangu siku ya kwanza, kwa mkataba ambao pande zote mbili ziliuridhia na hakuna aliyeweza kuugeuza katikati. Mume mgeni wa Tibirinzi anatakiwa aitumikie miaka kama hiyo kwanza, hali kazi na ruhusa ya kukaa ndivyo vitu anavyovikosa. Mji wa Makka nao, kwa riwaya ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, ulianza kwa mwanamke kuulizwa. Watu wa Jurhum walipoona ndege wakizunguka juu ya Zamzam, walimwomba Hajar ruhusa ya kukaa. Akawapa, kwa sharti kwamba maji yabaki yake. Mwanawe Ismail akakua kati yao, akajifunza lugha yao na akaoa kwao.

Mwambao huu wetu nao ulijengwa na waume wageni. Habari za Pate zinasimulia Mnabhani aliyekuja kutoka Oman, akamuoa binti wa mfalme wa mji na kupata ufalme kupitia ndoa hiyo. Wanahistoria wanabishana kuhusu tarehe na majina, na waendelee. Kinachonishughulisha ni kwamba wazee waliosimulia habari hiyo hawakuona aibu ndani yake. Mhadhrami, Mmanga, Mngazija na Mbarawa waliofika kwa pepo za msimu walioa katika miji hii, wakakaa kwa wakwe, wakasema Kiswahili cha mama wa watoto wao. Katika miji kama Lamu nyumba za mawe zilitengwa kwa mabinti, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Mke humfuata mumewe, wanasema wenye baraza. Babu zao wengi waliwafuata wake zao, na wala hawakupungua uanaume.

Nirudi kwenye usimamizi, kwa kuwa ndiyo hoja iliyo nzito kuliko zote na siipuuzi. Qurani imempa mwanamume usimamizi wa nyumba na imeutaja pamoja na sababu zake, mojawapo ni mali anayoitoa. Nafaka ni wajibu wake: chakula, nguo na makaazi. Sasa tazama kifungu cha 11 kinamfanyia nini mwanamume huyu. Hawezi kuajiriwa bila ya kibali cha kazi, na kibali cha kazi hutafutwa kwa kueleza kwa nini kazi hiyo isifanywe na mwenyeji. Kibali chake cha ukaazi kinafungamana na kazi hiyo, kazi ikiisha nacho kinaishiwa nguvu. Fundi seremala, mvuvi, muuza duka mdogo, mwalimu wa chuo cha Qurani, watu hawa si wawekezaji na hakuna kampuni ya kuwaombea. Matokeo yake mume anakaa nyumbani na mke ndiye anayetoka kwenda kutafuta, akauza vitambaa au maandazi, akalipa hata ada ya kibali cha mumewe. Hali ikizidi, anaweza kufika kwa kadhi, na madhehebu ya Shafi yanamruhusu kuomba ndoa ivunjwe kwa sababu mume ameshindwa nafaka. Yaani sheria inayotetewa kwa jina la usimamizi wa mwanamume inamvua mwanamume usimamizi huo, kisha inampa mkewe sababu ya kisheria ya kumwacha. Kama kweli tunaiheshimu nafasi ya mume katika nyumba, tungelikuwa wa kwanza kutaka aruhusiwe kufanya kazi.

Tena wajibu wa mke kukaa na mumewe, kwa wanaoutaja, ni wajibu wa kukaa mahali alipomtayarishia. Mume aliyetayarisha makaazi Tibirinzi ametimiza lake. Hapana fiqhi yoyote inayosema lazima amhamishe. Na wako wasioweza kuhamisha. Myemeni ambaye mji wake umo vitani tangu mwaka 2014 ampeleke mkewe wapi? Kumwambia mwanamke huyu amfuate mumewe ni kumwambia achague baina ya mume na nchi, na kaka yake hajaulizwa swali hilo hata siku moja. Mahakama ya Juu ya Zimbabwe ililiona hilo mwaka 1994 katika shauri la Rattigan, lililoletwa na wanawake raia walioolewa na wageni. Majaji walifuata njia fupi: raia ana haki ya kuishi popote katika nchi yake, mwanamke ambaye mumewe anafukuzwa hana njia ya kuitumia haki hiyo pamoja na ndoa yake, basi anayemfukuza mume anamfukuza na mke.

Kuhusu nasaba nitasema machache, kwa sababu sheria yenyewe imeshaijibu hoja hiyo. Kuitwa kwa jina la baba, urithi, na yule anayemwozesha binti ni mambo ya nasaba, na hakuna aliyeyagusa. Lakini mtoto aliyezaliwa Pemba na mama raia ni raia, baba yake awe nani. Na tangu sheria ya 1995, mama raia wa kuzaliwa humrithisha uraia hata mtoto aliyemzaa nje, haki ambayo zamani ilikuwa ya baba peke yake. Kwa hiyo dola imeshakubali kwamba uraia unaweza kupita kwa mwanamke. Imekubali upite kwenda chini, kwa watoto, ikaukataa kupita ubavuni, kwa mume. Kinachopatikana ni nyumba moja ambamo mama ni raia, watoto watano ni raia, na baba yao, aliyewafundisha kusali na anayewapeleka skuli, ni mgeni anayehesabiwa siku.

Hofu iliyobaki ni ya wenye visiwa, nayo naielewa kuliko nyengine zote. Zanzibar ni ndogo, ardhi ni chache, utalii umeleta watu wenye pesa, na ndoa inaweza kugeuzwa ngazi ya kupandia kwenye fukwe. Ardhi Zanzibar ni ya wote chini ya dola, na haki ya kuitumia ni ya Wazanzibari. Anayeitaka bila ya kuwa Mzanzibari atatafuta jina la kujifichia. Ndoa za namna hiyo zipo duniani, na sina sababu ya kudhani Pemba imekingwa nazo. Ila tujiulize kifungu cha 11 kinazuia nini hasa. Mwanamke mgeni mwenye nia mbaya anaweza kuolewa leo na kuomba kesho, kwani hakuna muda uliowekwa baada ya ndoa. Hila haina jinsia. Kama dawa ya hila ni muda, basi muda uwekwe kwa wote wawili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 15, ilifanya hivyo: aliyeoa au kuolewa na raia kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kuandikishwa akiomba. Kabla yake haki hiyo Kenya ilikuwa ya wake pekee, kama kwetu. Uganda ilifungua mlango kwa mume na mke sawa katika Katiba ya mwaka 1995, mwaka ule ule sisi tulipofunga wetu. Ama suala la mume asiye Muislamu, ambalo hutajwa sana katika mazungumzo haya, hilo ni la kadhi na walii kabla ya ndoa kufungwa. Ndoa ikiwa sahihi, Uhamiaji hawana la kuongeza katika imani ya mtu.

Na Wapemba tunayo sababu yetu mahususi ya kulipima jambo hili kwa upole. Katika vijiji vya Kwale na Kilifi wapo watu wa asili ya Pemba waliofuata uvuvi kwa vizazi, wakaoa na kuolewa na wenyeji, wakazaa, wakazika, na muda wote huo hawakuwa na kitambulisho cha Kenya wala cha kwetu. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, hapati leseni ya kuvulia, hafungui akaunti benki. Januari 2001, watu wetu walipokimbilia Shimoni baada ya mauaji yaliyotokea Pemba na Unguja, walikuta huko jamaa wa kuwapokea. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba kuwa jamii mojawapo ya nchi hiyo, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Tulifurahi, na furaha ilikuwa ya haki. Miongoni mwa waliotambuliwa wamo waume, au wana wa waume, wageni katika nchi za wake zao. Mtume amefundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye analojipendelea mwenyewe. Mngazija wa Tibirinzi ni nduguye Mpemba wa Vanga kwa maana hiyo hiyo.

Liko onyo moja kwa sisi tunaotaka usawa. Usawa unaweza kupatikana kwa kumnyima aliyepewa. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua katika shauri la Abdulaziz, Cabales na Balkandali kwamba Uingereza iliwabagua wanawake wakaazi kwa kuwakatalia waume zao kuingia huku wanaume wakiruhusiwa wake zao. Serikali ikatii kwa kuwabana wanaume nao. Mauritius, kisiwa jirani katika bahari hii hii, ilichukua njia nyengine. Wanawake 20 walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa dhidi ya sheria za mwaka 1977 zilizowanyang'anya waume wageni uhakika wa kukaa. Kamati ya Haki za Binadamu ikawapa haki mwaka 1981 wale watatu waliokuwa na waume wageni, na mwaka 1983 sheria zikarekebishwa. Katiba ya Muungano inakataza ubaguzi wa jinsia katika ibara ya 13, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake tangu mwaka 1985. Kwa hiyo anayetaka kwenda mahakamani anayo njia. Lakini ushindi wa mahakamani ambao msikiti haukuutayarisha unaweza kuishia kama ulivyoishia ule wa Uingereza, kila mmoja kupoteza sawasawa, na hapo wanaoumia ni wake wageni waliokwishazaa na kuzeeka kati yetu.

Ndiyo maana nawataka masheikh waingie mapema katika mjadala huu. Ninachopendekeza ni vitu viwili tofauti. Haki ya kukaa na kufanya kazi iwe ya mume na mke kwa pamoja tangu ndoa inapothibitishwa na kadhi, na isikatike kwa kufiwa, ili mjane wa kiume asifukuzwe wiki anayomzika mkewe akaachwa na watoto raia. Uraia uje baada ya miaka, iwe mitano au saba, kwa hesabu moja kwa wote. La pili linahitaji Bunge, na wabunge wa majimbo ya Pemba wanaweza kulidai Dodoma wakijua hawatasomewa khutuba dhidi yao Ijumaa inayofuata. Sehemu ya la kwanza haihitaji kungoja. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na vibali vya kazi vya wageni waliopo Unguja na Pemba hutolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kanuni inayosema kwamba mume au mke wa Mzanzibari, mwenye karatasi ya ndoa ya kadhi, anapewa kibali cha kazi bila ya ada na bila ya kutakiwa kuthibitisha kwamba hakuna mwenyeji wa kuifanya kazi hiyo, inaweza kuandikwa hapa hapa visiwani.